Kimya Si Dawa

Brno, saa nane za usiku.
Theluji imeziba dirisha la Zdislava.
Anaandika kosa kwa makusudi:
alama ya asilimia, kisha m ndogo,
herufi ya mtaani,
haimo katika kanuni za C
ingawa mashine yake huielewa vizuri.

Anaipa kompaila iitafune.

Kimya.

Mwingine angeshukuru, akaenda kulala.
Yeye anashika kichwa:
mbwa asiyebweka mgeni akiruka ukuta,
wa nini kulishwa?
Anarudi mstari wa mia nne na tatu,
anageuza sharti moja, anaendesha tena.
Chai imekwisha poa.

Onyo!
La zambarau, refu, limejaa lawama.
Zdislava anacheka peke yake
kama aliyetukanwa na rafiki
aliyemdhani marehemu.