Ratiba Nyuma ya Daftari la Tumbaku

Mashine ya kuchanganya zege ni moja,
tumeiazima kwa mkandarasi wa barabara ya Sikonge,
siku kumi na nne, mafuta juu yetu.
Fundi ni mmoja, Mihayo,
na mkewe ana mimba ya miezi minane.
Saruji, mifuko arobaini, imelala juu ya mbao
katika ghala la chama cha msingi,
inanusa tumbaku, inasikiliza mawingu.

Kazi ni tatu:
chumba cha kujifungulia,
choo cha shule,
nyumba ya mwalimu aliyesema atahama.

Diwani anataka zote zianze Jumatatu.
"Kila kitongoji kione kazi," anasema,
na mkutano unapiga makofi.
Mimi katibu nimeshika kalamu, sipigi.
Misingi ya mwaka juzi naijua
kwa majina ya mbuzi wanaolala ndani yake.

Usiku nageuza daftari la tumbaku.
Nyuma ya madaraja na kilo
nachora majuma kwa rula ya mwanangu Kulwa,
rula iliyovunjika kwenye sentimita ishirini na mbili,
kwa hiyo Desemba yangu ni fupi.
Na iwe fupi. Desemba miche inatoka kitaluni
na mikono yote itahamia shambani,
hata ya Diwani.

Zege halisikii hotuba.
Ukilimwaga leo, siku saba linataka kunyweshwa
kama mtu aliyetoka kwenye homa.
Siku hizo saba Mihayo akikaa kivulini na sigara yake,
tumempoteza.
Akivuka kwenda shuleni na kamba na timazi,
tumepata mafundi wawili ndani ya shati moja.
Basi chumba kinywe maji, choo kichimbwe.
Choo kikauke, chumba kipande kozi.
Nyumba ya mwalimu nimeiandika, nimeifuta,
nimeiandika tena kwa penseli.
Mwalimu Ndaki hajalalamika. Sijui kama ni subira
au ameshafunga mizigo.

Kisha nafika kwenye safu ya maji.
Makadirio yanasema:
*Maji. Nguvu za wananchi. Sifuri.*

Sifuri hiyo naijua. Ina ngata.
Inaamka saa kumi alfajiri, inashuka bondeni
na ndoo ya lita ishirini, inapanda, inashuka tena.
Inaitwa Kabula. Inaitwa Nyanzobe.
Inaitwa mama mkwe wangu, anayeapa mgongo haumuumi.
Mfuko mmoja wa saruji hunywa ndoo moja na nusu;
arobaini, ndoo sitini,
na bado kumwagilia, asubuhi na jioni,
na bado matofali, na bado Mihayo anywe, anawe.
Nahesabu mpaka karatasi inakwisha.
Tumegawana mashine, tumegawana fundi,
shingo hatukuzigawa. Tulidhani hazina idadi.

Na pampu ya kijiji ipo, hatua mia mbili tu
kutoka kwenye kiwanja cha chumba.
Imenyamaza tangu Mei.
Kilichokufa ni mpira wa ndani,
mdogo kama kifuniko cha kopo,
elfu kumi na mbili Tabora mjini.
Hakuna aliyeuombea fedha.
Mpira hauna jiwe la msingi,
hauna utepe wa kukatwa.

Nauandika wa kwanza.
Siku moja, mtu mmoja, spana mbili.
Mengine yote yanashuka mstari mmoja.

Kesho wataniuliza kwa nini chumba cha wazazi ni cha pili.
Mke wa Mihayo atakuwa mbele, viganja juu ya tumbo,
na yeye ana tarehe yake,
ambayo mimi sikuichora na siwezi kuisogeza.
Jibu zuri sina.
Nitafungua daftari kwa nyuma,
nitaisoma ile sifuri kwa sauti,
jina kwa jina, ndoo kwa ndoo,
mpaka Diwani akauke koo
na aombe maji ya kunywa.