Gari Lisilo na Daftari

Linang'aa, hilo sikatai.
Limeoshwa kwa sabuni ya unga, matairi yamepakwa mafuta
kama miguu ya mtoto anayepelekwa kubatizwa,
na Ejoyi amesimama kando, mikono nyuma,
mfano wa mshenga aliyekwisha kunywa chai ya nyumba zote mbili.

"Daftari la matengenezo liko wapi?"
"Dada, Mjapani haandiki. Mjapani anatunza."

Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Kaldina hii inauzwa na Ejoyi, na shemeji yake, na kijana wa kuosha magari,
wote watatu kwa mpigo, hapa nje kidogo ya Arua,
vumbi la malori ya Kongo likitua juu ya sifa zao.

Nainama. Nasoma ninachoweza.
Mpira wa breki umelika hadi chuma kinachungulia.
Usukani umechubuka mahali pa kiganja cha kushoto tu:
mtu huyo, yeyote aliyekuwa, aliendesha kwa mkono mmoja.
Wa pili ulikuwa na kazi gani?
Chini ya zulia, mchanga mweupe
na gamba moja la samaki, kavu.
Kumbe umefika ziwani, wewe. Panyimur? Nani alikupeleka?

Kwenye ukingo wa mlango, kibandiko cha kwao.
Herufi zimenishinda, ila tarakimu ni tarakimu hata kwa Mjapani:
laki moja, elfu thelathini na moja.
Dashibodi inasema elfu themanini na nne.
"Hiyo," anasema Ejoyi bila kupepesa, "ni bei ya oili."

Nacheka. Mwongo mwenye kipaji humlipi, lakini humchukii.

Mimi naitwa Candiru, yaani taabu.
Kwetu jina ndilo daftari.
Mama alinizaa ukimbizini, ng'ambo ya mpaka,
turubai linavuja, baba hajulikani alipo,
akayaandika yote hayo kwa neno moja
akanibebesha. Mdogo wangu Draku alifuata msiba.
Ukituita kula, umeshasoma kila kilichowahi kuvunjika nyumbani.
Mteja wa asali akilisikia jina langu huguna kidogo,
kisha hununua.

Sasa hili, la miaka ishirini na sita,
lije kwangu likijidai limezaliwa jana?

Lakini madumu.
Wiki iliyopita bodaboda iliteleza njia ya Vurra,
mawili yakapasuka, lami ikanywa asali ya miezi miwili,
nyuki wakaja kuchukua chao.
Milioni kumi na moja zimelala kwenye sako,
na fedha haizai kwa kutazamwa.
Viti vya nyuma vikilazwa, nimepima kwa kamba,
madumu kumi na mawili yanaingia, na mizani, na mimi.

Ningekuwa na pesa ya kuchagua, ningechagua.
Mwenye kumi na moja huuliza maswali ya kumi na moja.

Naweka kiganja juu ya boneti
kama mtu anayetafuta homa kwa mtoto.
Ni ya moto.
Saa moja asubuhi, mteja wa kwanza ni mimi,
umande bado uko kwenye vioo vya magari mengine.
Nani amekwisha kuliamsha, kulikohoza,
kulifuta makamasi, kabla sijafika?

Ejoyi anatazama viatu vyake.
Shemeji anakumbuka kuna mtu anamngoja sokoni.

"Kesho usiliguse," namwambia.
"Nitakuja alfajiri na Ezati, fundi wangu, yule asiyeongea.
Ufunguo utatupa sisi.
Nataka kulisikia likiwa baridi.
Bei tutaizungumza baada ya kikohozi."