Kisichoandikwa

Usiku wa Iloilo ni mchana wa Toledo.
Saa nane, feni inasaga hewa ileile,
nami Marivel Sumagaysay, mtu wa zamu,
nafungua faili la themanini na moja.

Verlene Stoddard. Miaka hamsini na sita.
Mfuaji wa mashuka hotelini.
Daktari ameandika maneno matatu,
maumivu ya mgongo,
akaweka nukta, akaenda kula.

Maneno matatu yana msimbo wake,
M54.50, kapu la kila mgongo duniani:
aliyelala vibaya, aliyebeba jeneza,
aliyeinama kuokota kalamu.
Bima hulitazama kapu hilo kwa jicho la kando.

Lakini chini, kwenye karatasi ya muuguzi,
mwandiko mdogo umelalia ubavu:
“Tangu toroli limwangukie, mwaka wa nne huu.
Hulala ameketi, kando ya mashine ya kukaushia.
Anasema joto lake ndilo mume aliyebaki.”

Nimeusoma mara tatu.
Msimbo wa toroli ninao:
G89.21, maumivu sugu yatokanayo na jeraha.
Ufunguo mkononi, mlango si wangu.
Muuguzi si daktari,
na kwetu sheria ni hiyo moja:
asichoandika daktari hakikuuma.

Naandika swali. Nisimtie maneno mdomoni,
hilo nalo ni kosa, hukatwa alama.
“Daktari, tafadhali fafanua aina na chanzo cha maumivu.”
Sentensi safi kama shuka la hoteli.
Verlene hayumo.

Siku kumi na moja.
Msimamizi anauliza mbona faili lile lingali wazi.
Jibu linafika saa kumi alfajiri:
“Sugu”
Hakuna toroli, hakuna miaka.
Neno moja, safari hii hata nukta halina.

Basi G89.29, maumivu sugu mengineyo.
Mengineyo! Humo ndimo tulimomlaza,
ameketi.

Natuma. Themanini na mbili.
Nanyanyuka kufuata maji, kiuno kinakataa,
nashika ukingo wa meza hadi kinilegeze,
kama ninavyoushika kila usiku tangu Machi.
Jocel wa meza ya pili anauliza, vipi?
Namwambia, si kitu.
Naye, kazi yake ni kama yangu,
haandiki.