Kitabu Yangu

Darasa la tatu, Kiboriloni, niliandika "kitabu yangu"
na Mwalimu Ndelilio hakungoja nifike kwenye nukta.
Kalamu nyekundu, hapo hapo, chini ya y.
"Ki inataka cha," alisema, "hata ukiwa na haraka."
Kitabu changu, kitabu changu, mara hamsini,
wenzangu wakicheza rede nje.

Sikumkumbuka tena mpaka msimu wa mwaka jana,
ofisi ya chama cha msingi, Uru,
magunia hadi dirishani, kompyuta moja,
na programu niliyoiandika mwenyewe, nikijisifu:
haina maswali mengi, inapokea chochote.
Ukiandika 18, sawa.
Ukiandika kumi na nane, sawa.
Ukiandika jina la mbuzi wako, sawa.

Aikande Mlay alileta kilo kumi na nane asubuhi,
akarudi jioni na nne, za kuokoteza chini ya mibuni.
Mashine haikujumlisha. Ilibandika,
kama fundi anayepigilia namba mlangoni:
18, kisha 4.
Mia na themanini na nne.
Wala haikukohoa.

Malipo yakatoka. Wiki tatu kimya.
Kisha akaja, pindo la kitenge limelowa umande wa mgombani,
akaweka bahasha mezani.
"Mibuni yangu naijua mmoja mmoja," alisema.
"Haijawahi kuzaa hivi, hata Baba Ndesario alipokuwa hai.
Nimetoa elfu arobaini, za viatu vya mtoto. Nitazirudisha."
Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule, baridi ya Julai ikipenya chini ya mlango,
niliitia programu komeo:
uzito ni namba, si maandishi;
tarehe ni tarehe, usiniletee "juzi".
Nikabonyeza. Ikakataa.
Mistari myekundu sitini na mitatu,
makosa yaliyokuwemo tangu mwanzo, yamejinyamazia,
kila moja na Aikande wake njiani.

Nilitukana kidogo. Saa nane usiku, nani hatukani?
Chai ikapoa. Arobaini na moja. Tisa.
Mmoja ulinishinda hadi jogoo wa jirani:
pale nilipoacha kilo za mkulima ziwe sifuri
au ziwe hakuna, nikidhani ni mamoja.
Sifuri ni mtu aliyekuja mikono mitupu.
Hakuna ni mtu ambaye hatukumwuliza.

Sasa karani ananung'unika:
programu yako ina kiburi, inanirudisha kwa herufi moja tu.
Namwambia, afadhali ikurudishe wewe, umekaa kitini,
kuliko kumshusha mama wa watu mlimani kwa miguu.

Mwezi wa kumi Aikande alileta zile za viatu.
Karani akaandika, kwa mazoea, 40 elfu,
na kabla hajainua kidole
wekundu ukatokea, hapo hapo,
chini ya e.