Mkono wa Kushoto

Karani wa posta, Wete, miaka thelathini na moja.
Barua zake nilizisoma mimi, kwa idhini:
Bi Mize Kombo wa Mtemani hakujua kusoma barua,
alijua Kurani kwa moyo na karafuu kwa kunusa.

Gunvor alikuja akiwa mkunga, mwembamba, pua imebambuka jua.
Akala muhogo, akaugua homa, akapona.
Usiku, kwenye kandili, wakichambua:
karafuu huku, makonyo kule.
"Konyo ukilifumbia jicho," Bi Mize alimwambia,
"mpimaji atashusha gunia zima."
Akarudi kwao Uswidi na neno hilo, na harufu vidoleni.

Kisha barua.
Amejiunga na chama cha mrengo wa kushoto.
Amegombea udiwani, mji wa kiwanda cha mbao,
ameshinda kwa kura kumi na tisa.
Nikataka kumuuliza huko kura huhesabiwaje.
Nikakumbuka nilipo. Nikaifunga bahasha.

Kisha vijana wa mabuti na vipara vya wembe,
wanaoimba kwamba damu ina nchi yake,
wakaapa kulichoma duka la Mhabeshi muuza mikate.
Gunvor akakaa kizingitini na chupa ya chai,
miaka hamsini na tatu, goti bovu.
Kikaoni aliwaambia madiwani neno la Bi Mize.
Hakuna aliyejua konyo ni kitu gani.
Wakanyamaza; lakini, aliandika, walinyamaza vizuri.

Barua iliyofuata, mwandiko umelala
kama mgomba uliozidiwa na mkungu.
"Wamenivunja wa kulia.
Sasa mimi mzima mzima ni wa kushoto."

Nikacheka. Bi Mize hakucheka.
"Mkono wa kushoto si wa kupeana, Faki."
Akaenda kuswali. Aliporudi, hata msala hajaukunja:
"Mwandikie. Anayezima moto
haulizwi kashika ndoo kwa mkono gani."

Bi Mize alitangulia.
Gunvor akafuata, mwezi wa Februari;
theluji, aliandika bintiye, imefika madirishani.
Kikopo chake cha karafuu kilikuwa kimebaki makonyo.
Wakamzika nacho hivyo hivyo.

Jana nilikwenda kupokea pencheni.
Nikatia saini kwa kushoto.
Kijana wa dirishani akaitazama, akanitazama.
"Mzee, hii siyo yako."
"Yangu," nikamwambia. "Hesabu."