Miaka Kumi na Tisa

Kondele, kando ya kijana anayechaji simu,
Ombewa ameweka mizani ya kupimia watu
juu ya kipande cha zulia la kijani.
Kibao cha katoni: JUA UZITO WAKO, SHILINGI KUMI.
Nimepita mara tatu ng'ambo ya barabara
nikijifanya nauliza bei ya viatu vya mitumba.

Zamani mizani yake ilibeba matrekta.
Kule kwenye miwa, ambako harufu ya molasi
huingia hadi kwenye uji wa watoto,
alikaa ndani ya kibanda cha bati na kioo
akiandika alivyoamriwa:
tani kumi na mbili zikipanda, tisa zikishuka kwenye karatasi.
Na zile tatu?
"Siri ya mtungi muulize kata," aliniambia siku ya kwanza,
akajigonga kifuani. "Kata ndiyo mimi."

Tiketi alizileta ndani ya kifuniko cha chupa ya chai,
zimekunjwa ndogo kama dawa ya minyoo.
Tulikutana Ahero, nyuma ya kinu cha mpunga,
makapi yakitunyeshea mabegani.
Hakutaka hela. Hata nauli alikataa.
Kulikuwa na mama mmoja wa Songhor, alisema,
aliyesimama dirishani pake saa nzima
ameshika tiketi yenye mwandiko wake, Ombewa,
asimtukane, asiondoke.
Nikamwapia: jina lako nitalimeza.
Nikalimeza. Hata mhariri hakulijua.

Lakini mhariri naye alikuwa na njaa yake.
"Msomaji atamwaminije mtu asiye na sura?
Mpe uzito kidogo."
Saa tatu usiku, ukurasa unasubiri,
nikaongeza maneno machache, mepesi:
*karani aliyekaa kwenye mizani hiyo miaka kumi na tisa.*

Pale kiwandani makarani wa mizani walikuwa watano.
Wanne walikuwa vijana wa juzi.
Wa tano hakuhitaji kutajwa.

Habari ilitoka Jumatatu.
Alhamisi funguo zake zilikuwa mezani kwa mkubwa.
Mizani ikabadilishwa, wakulima wakacheza getini,
nami nikaitwa Nakuru, hoteli yenye mapazia mazito,
nikapewa kioo kilichochongwa mfano wa kalamu.
Usiku ule nilimpigia simu. Ikaita. Ikaita.
Niseme kweli: nilishukuru hakushika.

Leo nimevuka.
Mbele yangu yupo mwanafunzi wa sare, kisha mimi,
viatu nimevivua bila kuambiwa.
Ameniona. Nadhani aliniona tangu mara ya kwanza.
"Kabla hujapanda," akasema,
kama alivyomwambia yule mwanafunzi, kwa sauti ileile,
"mizani hii huongeza nusu kilo.
Ukishasoma, jipunguzie."

Nikapanda. Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Nilikuwa na hotuba niliyoibeba miaka mingi,
ina mwanzo, ina sababu, ina yule mhariri.
"Sitini na nane na nusu," akasoma.
Akangoja.
"Toa hiyo nusu."

Nikampa noti ya elfu moja, nikageuka haraka.
Akaniita. Alikopa chenji kwa kijana wa simu,
akanihesabia kiganjani mia tisa na tisini,
sarafu ya mwisho akaibonyeza kwa kidole gumba
mpaka nikaufunga mkono.

Wewe unayesoma, usiende Kondele kumtafuta.
Ombewa si jina lake. Zulia si la kijani.
Miaka nimeibadilisha, na mji,
na huenda hata haikuwa miwa.
Nimefuta kila ambacho kingemwonyesha kidole,
kazi ya dakika tano, ningeiweza usiku ule.
Nusu kilo tu sikuigusa.