Sululu na Sululu

Kaka yangu Chengo ana sululu ya chuma,
mpini wa mkwaju uliolainika kwa kiganja chake.
Mimi nina sululu wa manyoya,
tena si wangu; namwazima kwa macho
kila maji yakipwa hapa nyuma ya Mikindani.

Kazi nimepewa na wanafunzi wa chuo:
kuhesabu. Mia tatu kwa siku, na darubini ya kurudisha.
Vitwitwi mia na arobaini,
nikipepesa wanakuwa mia mbili.
Yangeyange tisa, weupe kama kanzu za Ijumaa,
wanatembea wasitake kuchafuka.
Sululu: mmoja.

Mdomo wake umepinda kama mundu.
Anauzamisha topeni mpaka machoni,
anasikiliza kwa ncha,
kisha kaa anatoka, mguu mmoja mmoja,
kama deni linalolipwa shingo upande.

Ana pete ya njano mguuni, herufi tatu.
Nilizisoma siku ya sita, pumzi nimeibana,
zikaandikiwa barua. Jibu likaja:
alinaswa wavuni usiku mmoja wa Agosti
kwenye delta ya mto Danubi, katikati ya matete.
Wakampima uzito, wakamwachia.
Picha waliyotuma: maji yamelala,
mwari kundi zima, midomo kama vikapu,
na matete, matete, hadi mwisho wa karatasi.
Nikamwonyesha Chengo.
"Huko," akasema, "mikoko yao myembamba."

Jumatatu malori yalimwaga kifusi
pale pale anapolia chakula chake.
Bandari inataka uwanja wa makontena,
na Chengo yumo, analipwa mara tatu yangu;
ndiye aliyelipa karo ya Kadzo, mwanangu.
Nimwambie nini? Weka chini?
Sululu yake ikapiga, kokoto zikaruka;
sululu wangu akapaa, akilia jina lake,
akatua hatua hamsini mbele,
kwenye tope lililobaki.

Nikaandika: mmoja.

Aprili ataondoka, amenona, usiku, bila kuaga.
Nami nawaza yale matete.
Nako yuko mtu, pengine, ana dada,
ana chuma begani na mtoto wa shule,
anatazama maji, anapima pa kuanzia.

Jioni Chengo ananiuliza akinawa miguu:
"Leo wangapi?"
Tope lake na langu yamo beseni moja.